Mama, Je, Ukurasa Wako Unaonekana?

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mama anayepika maandazi matamu hana haja ya kupiga debe. Harufu yenyewe huwaita majirani, na mtoto aliyetumwa dukani hupitia kwake kwanza. Lakini siku hizi wateja wengi hawaanzii mtaani. Mzazi anayetafuta fundi wa sare, au bibi harusi anayetafuta mpambaji, huchukua simu, huandika maneno matatu au manne, kisha humpigia yule anayemwona juu kwenye orodha. Kule hakuna harufu ya maandazi. Kuna maandishi na picha tu.

Ndiyo maana akina mama wengi wenye biashara ndogo, pamoja na vikundi vyao, wamefungua kurasa kwenye intaneti. Wengine wamelipa fedha ambazo zingeweza kununua cherehani ya pili au kumalizia ada ya mtoto. Baada ya hapo wanangoja. Miezi inapita na simu hailii. Ukurasa upo, tena unapendeza, lakini mtu akitafuta haoni kitu. Je, tatizo ni nini?

Mara nyingi jibu limo ndani ya ukurasa wenyewe, katika mambo ambayo mwenye ukurasa anaweza kuyarekebisha kwa mikono yake bila gharama. Katika makala haya tutayaangalia mambo hayo moja baada ya jingine. Ili tuyaone vizuri, tuchukue mfano wa mama anayeshona sare za shule mjini Morogoro.

Injini ya utafutaji hufanyaje kazi?

Google, injini ya utafutaji inayotumiwa na watu wengi kuliko zote, ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Kabla yake zilikuwapo nyingine, kama AltaVista iliyoanza mwaka 1995. Hizo za mwanzo zilitegemea sana maneno yaliyoandikwa ndani ya ukurasa. Page na Brin waliongeza jambo moja: kuangalia ni kurasa zipi nyingine zinazouelekeza msomaji kwenye ukurasa huo, mfano wa watu wanaompendekeza fundi kwa jirani.

Kazi hii hufanyika kwa hatua tatu. Kwanza, programu maalumu hupita ukurasa hadi ukurasa ikifuata viungo, kama karani wa sensa anayepita nyumba kwa nyumba. Pili, yaliyosomwa hupangwa katika faharasa kubwa sana, inayofanana na ile ya mwisho wa kitabu inayoonyesha neno fulani liko ukurasa gani. Tatu, mtu anapouliza, injini hufungua faharasa yake, huchagua kurasa zinazolingana na swali, na kuzipanga kuanzia ile inayoonekana kufaa zaidi.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuhakikisha ni kwamba umeandikwa katika faharasa hiyo. Kujua ni rahisi. Kwenye Google andika neno site, nukta mbili, na anwani ya tovuti yako, vyote bila kuacha nafasi. Kama hakuna kinachotokea, inawezekana ukurasa haujasomwa, au umefungiwa. Mafundi wa tovuti huwa wanaweka alama ya kuzuia injini zisiusome ukurasa ambao haujakamilika, na kazi ikiisha wengine husahau kuiondoa. Kwa tovuti zilizotengenezwa kwa WordPress, kisanduku kimoja tu kilichowekwa alama ya vema kwenye mipangilio kinatosha kuiambia Google isikusome. Mwulize fundi wako kuhusu hilo kabla ya kumlipa malipo ya mwisho.

Kadhalika, Google inatoa bure chombo kiitwacho Search Console. Humo mwenye tovuti huona kurasa zake zipi zimesomwa, zipi zina kasoro, na ni maneno gani watu waliandika hadi wakamwona. Mama anayeweza kutunza daftari la mapato na matumizi hashindwi kukisoma.

Kichwa cha ukurasa ni kibao cha duka

Kila ukurasa una kichwa ambacho hakionekani sana ukiwa ndani yake, lakini ndicho kinachotokea kwenye orodha ya majibu kama mstari mkubwa wa kubonyeza. Kurasa nyingi zina kichwa kinachosema "Karibu" au "Mwanzo" tu. Hebu fikiri: ungepita barabarani ukaona kibao kimeandikwa "Karibu", ungejua wanauza unga au wanatengeneza baiskeli?

Mama yetu wa Morogoro aandike kichwa kinachosema anafanya nini na yuko wapi: "Sare za shule Morogoro: tunashona kwa vipimo". Maneno ya maana yatangulie, kwa sababu kichwa kirefu hukatwa mwishoni kwenye skrini ya simu. Kila ukurasa uwe na kichwa chake. Ukurasa wa masweta usiwe na kichwa kile kile cha ukurasa wa sketi. Google ikiona kichwa hakilingani na yaliyomo inaweza kukibadilisha yenyewe, ikachukua maneno mengine kutoka katika ukurasa.

Chini ya kichwa, kwenye orodha, huonekana mistari michache ya muhtasari. Google imeeleza kwamba muhtasari unaouandika wewe haupandishi ukurasa wako. Hata hivyo uandike kwa uangalifu, kwa kuwa mteja anausoma kabla ya kuamua abonyeze wapi. Sema bei inaanzia kiasi gani na kazi huchukua siku ngapi.

Anwani ya ukurasa nayo iwe ya kueleweka. Anwani inayoishia na "sare-za-shule" humwambia mtu anakokwenda kuliko ile iliyojaa tarakimu na alama zisizosomeka. Faida yake katika kupanda kwenye orodha ni ndogo, kwa hiyo kama anwani yako ni ya zamani na watu wameizoea, usihangaike kuibadilisha.

Tumia maneno ya mteja wako

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwenye biashara hupenda maneno makubwa. Ataandika: "Sisi ni wabunifu wa mavazi bora na ya kisasa kwa familia ya leo." Ni maneno mazuri, lakini hakuna mzazi anayeandika hivyo kwenye simu mwezi wa Januari shule zinapofunguliwa. Yeye huandika "sweta la shule bei gani", au "fundi sare Morogoro".

Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika maswali yote ambayo wateja wanakuuliza kwa mdomo au kwa simu, na uyaandike kwa maneno yao wenyewe. Je, mnashona kwa vipimo? Mna kaptula za darasa la kwanza? Kitambaa kikioshwa kinachuja? Mko karibu na nini? Mnatuma mikoani? Maswali hayo ndiyo yatakayokuwa ukurasa wako, kila moja na jibu lake kamili. Hapo utakuwa umeandika maneno ambayo watu wanayatafuta bila kulazimisha neno lolote.

Usihofu kwamba ni lazima urudie kila namna ya kuuliza. Injini za leo zinaelewa maana zaidi ya zile za zamani. Mwaka 2019 Google ilianza kutumia mfumo uitwao BERT, unaosaidia kuelewa uhusiano wa maneno katika swali, na mwezi Desemba mwaka huo ikaueneza katika lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwamo. Mtu akiandika "nguo za shule", ukurasa wa "sare za shule" unaweza kuonekana vilevile.

Je, uandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza? Andika kwa lugha anayotumia mteja wako anapotafuta. Google hutambua lugha ya ukurasa kwa kusoma maandishi yanayoonekana. Kwa hiyo ukurasa uliochanganya aya ya Kiswahili na ya Kiingereza unaitatiza. Kama una wateja wa lugha zote mbili, tengeneza kurasa mbili, kila lugha na ukurasa wake.

Wengine huuliza makala iwe na maneno mangapi. Google imesema wazi kwamba hakuna idadi maalumu. Maneno 200 yanayojibu swali yanatosha. Maneno 2,000 ya kuzungukazunguka humchosha msomaji, akarudi alikotoka.

Vichwa vidogo, picha na viungo

Ugawe ukurasa wako kwa vichwa vidogo: sare za msingi, sare za sekondari, masweta, bei, namna ya kuagiza. Vichwa hivyo humsaidia mama mwenye haraka kufika anapotaka, na huieleza injini kila sehemu inahusu nini. Mwambie fundi aviweke kama vichwa halisi katika mipangilio ya ukurasa, asikoleze wino tu na kukuza herufi.

Picha zina shida yake. Ni desturi ya wengi wetu kutengeneza bango zuri lenye rangi, tukaweka humo bei, simu, mahali na kila kitu, kisha tukalipandisha kama picha moja. Binadamu analisoma, lakini injini haiwezi kutegemewa kuyapata maneno yaliyo ndani ya picha. Mwenye bango la namna hiyo anaweza kuwa na ukurasa ambao kwa injini ni karibu mtupu. Bango libaki kama pambo, na maelezo yote ya muhimu uyaandike pia kwa maandishi ya kawaida.

Aidha, kila picha ina jina la faili, na ina nafasi ya kuandikia maelezo mafupi yasiyoonekana kwenye ukurasa. Picha yenye jina la tarakimu tupu haisemi kitu. Ipe jina kama "sweta-la-shule-la-bluu". Katika ile nafasi ya maelezo andika kilichomo: "Sweta la bluu la shule ya msingi, shingo ya V". Maelezo hayo huisaidia Google kuielewa picha, lakini yana kazi nyingine kubwa zaidi. Watu wasioona hutumia programu inayowasomea ukurasa kwa sauti, na picha isiyo na maelezo kwao ni ukimya. Kwa kazi ya nusu dakika utakuwa umemfungulia mlango mzazi asiyeona anayemtafutia mwanawe sare.

Viungo vya ndani navyo visisahaulike. Ukurasa wa masweta uelekeze kwenye ukurasa wa bei, na wa bei uelekeze kwenye namna ya kuagiza. Maneno ya kubonyeza yaseme mtu anakwenda wapi. "Bei za masweta" ni bora kuliko "bonyeza hapa". Ukurasa usio na kiungo chochote kinachoelekea kwake ni kama chumba kisicho na mlango: yule karani anayepita nyumba kwa nyumba hataufikia.

Fikiria simu ya mteja na bando lake

Wateja wako wengi wanatumia simu, na huenda bando lao ni dogo. Google inalijua hilo. Tarehe 21 Aprili 2015 ilianza kuzipendelea kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu kwa wale wanaotafuta kwa simu. Mwaka 2016 ilitangaza mpango wa kusoma tovuti kwa jinsi zinavyoonekana kwenye simu badala ya kompyuta, na ilipofika mwaka 2023 kazi hiyo ilikuwa imekamilika. Kwa hiyo usiukague ukurasa wako kwenye kompyuta ya fundi pekee. Ufungue kwenye simu ya kawaida, mahali penye mtandao hafifu, uone kama herufi zinasomeka na namba yako inabonyezeka.

Kasi nayo inahesabika. Kwa upande wa simu, ilianza kutumika katika kupanga kurasa mwezi Julai 2018. Kipimo kizuri cha Google ni kwamba kitu kikubwa zaidi kinachoonekana mwanzoni, kama picha au aya kuu, kitokee ndani ya sekunde 2.5. Kinachochelewesha kurasa nyingi za biashara ndogo ni picha kubwa zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera. Zipunguze ukubwa kabla ya kuzipandisha.

Hali kadhalika, hakikisha anwani yako inaanza na https. Herufi hizo zinaonyesha kwamba mawasiliano kati ya mteja na tovuti yanalindwa. Google ilitangaza mwezi Agosti 2014 kwamba hiyo ni alama mojawapo, ingawa ndogo, katika kupanga kurasa. Kubwa zaidi ni kwamba tovuti isiyo nayo huonyeshwa kuwa si salama, na mteja anayesoma onyo hilo hawezi kukuachia namba yake.

Ujanja haudumu

Pengine utashauriwa kurudia neno "sare" mara 50, au kuandika orodha ya miji yote ya Tanzania kwa herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe ili wasomaji wasiione. Zamani ujanja wa namna hiyo ulifanya kazi. Kulikuwa pia na nafasi ya siri ya kuandikia maneno muhimu, na watu waliijaza mpaka ikakosa maana. Mwezi Septemba 2009 Google ilieleza kwamba haiitumii kabisa katika kupanga kurasa. Mtu akikudai fedha leo kwa kazi ya kujaza nafasi hiyo, anakuuzia hewa.

Hata wakubwa wameadhibiwa. Mwezi Februari 2006 Google iliiondoa kwenye orodha yake tovuti ya Ujerumani ya kampuni ya magari ya BMW. Tovuti hiyo ilikuwa na kurasa zilizojazwa maneno ya kuuza magari yaliyotumika, ambazo injini ilizisoma, lakini mtu akibonyeza alipelekwa kwenye ukurasa mwingine. Kurasa hizo zilipoondolewa, tovuti ilirudishwa baada ya siku chache. Kampuni kubwa kama hiyo inajulikana na ina maduka yake barabarani. Mama mwenye cherehani mbili akiondolewa, nani atamkumbuka?

Mwezi Februari 2011 Google ilifanya badiliko lililojulikana kama Panda, lililoshusha kurasa zenye maandishi mepesi au yaliyonakiliwa kwa wengine. Huko Marekani liligusa karibu asilimia 12 ya maswali yote yaliyoulizwa. Mwezi Machi 2024 ilikaza zaidi sheria zake dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili tu kuvutia injini, ziwe zimeandikwa na watu au na mashine za akili bandia. Basi usinakili maneno ya fundi mwingine. Piga picha za kazi zako mwenyewe, andika wewe ni nani, uko mtaa gani na umeshona kwa miaka mingapi. Hayo hakuna mwingine anayeweza kuyaandika.

Jihadhari na wanaoahidi nafasi ya kwanza

Wapo watakaokupigia simu wakisema, "Tulipe, tutakuweka wa kwanza kwenye Google." Google yenyewe inasema hakuna anayeweza kuhakikisha jambo hilo. Nafasi katika orodha ya kawaida haiuzwi. Kinachouzwa ni matangazo, nayo huwekewa alama ya kuonyesha kwamba yamelipiwa. Ukilipia tangazo, ukurasa wako haupandi katika orodha ya kawaida, na fedha ikiisha tangazo huondoka.

Kabla ya kumlipa mtu, mwulize maswali matatu. Utabadilisha nini hasa katika ukurasa wangu? Utanionyesha kazi hiyo ikikamilika? Je, funguo za tovuti zitabaki kwangu? Asiyejibu waziwazi, mwage kwa heri.

Ni vyema pia ujue kwamba yaliyomo ndani ya ukurasa si yote. Injini huangalia nani anakuelekezea wasomaji, mtafutaji yuko mji gani, na mengine mengi. Ukurasa mzuri huenda usiwe wa kwanza. Lakini ule usiosema unahusu nini hauwezi kushindana hata kidogo.

Nawe unapotafuta

Elimu hii ina faida nyingine kwa mama, hata asiye na biashara. Ukishajua jinsi kurasa zinavyopanda, hutadhani tena kwamba kilicho juu ndicho cha kweli. Mtoto akiwa na homa usiku na wewe ukaandika dalili zake kwenye simu, ukurasa wa kwanza umewekwa hapo kwa sababu umelingana na maneno yako na umeonekana kufaa kwa hesabu za mashine. Hakuna daktari aliyempima mwanao. Google inasema kwamba kwa mambo ya afya na fedha hujitahidi kuzipa uzito kurasa za kuaminika zaidi, lakini hesabu hubaki kuwa hesabu. Tazama nani ameandika, ameandika lini, na kama ana kitu cha kukuuzia. Na homa ya mtoto mdogo ipelekwe kituo cha afya akapimwe.

Basi mama, wiki hii tenga jioni moja. Watoto wakishalala, fungua ukurasa wako kwa simu na uusome kama vile hujawahi kuuona. Anza na kichwa, kisha bango la picha, kisha lile daftari la maswali ya wateja. Usitegemee matunda kesho asubuhi. Google inasema baadhi ya marekebisho huonekana baada ya saa chache, na mengine baada ya miezi kadhaa. Mshonaji anaijua subira hiyo: sare za Januari huanza kukatwa Oktoba.